Siga siyo sigara: niliyoongea pale Ybor City

Watu kadhaa waliokosa kufika wameniomba niandike nilichoongea Jumamosi ile pale Ybor City, mtaa wa zamani wa siga hapa Tampa, Florida. Nimeandika kama nilivyosema, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia rudia.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmeendesha kutoka Orlando na wengine mmebadilishana shifti kazini ili mfike, na najua pia wapo humu ambao hawavuti chochote, wamekuja tu kunisindikiza. Hao nawashukuru mara mbili na nimewawekea meza za kule upepo unakotokea ili moshi usiwafuate.

Naomba nianze na neno lenyewe maana hapo ndo pana ugomvi wote. Kwetu tukisema sigara tunamaanisha ile ya pakiti, ile muuza genge anakuuzia moja moja. Hii niliyoshika mkononi ni siga, wazee wengine wa pwani watasema biri. Ni majani ya tumbaku matupu, karatasi hamna, kichungi hamna, dawa ya harufu hamna, kuna maji na gundi kidogo ya mimea ya kufungia kichwa basi. Na kuna mtu alikaa mezani akaisokota kwa mikono yake miwili. Mi naipenda, siwafichi, na nimesimama hapa kwa sababu kwa miaka mingi serikali ya Marekani imetaka kuitia kapu moja na ile ya pakiti, na kesi yake imezunguka mahakamani miaka na miaka.

Nilivyoijua mimi ni hivi. Nilipofika Tampa nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa, narudi usiku, na jirani yangu alikuwa mzee mmoja wa Kikuba, kila jioni anakaa kibarazani kwake na kahawa kwenye kikombe kidogo na siga moja. Moja tu, hajawahi kuwasha ya pili. Mi mtoto wa Tanga, nikiona mtu amekaa barazani na kikombe kidogo cha kahawa chungu moyo unaenda wenyewe, nikawa nasimama kusalimia, afu siku moja akanivutia kiti. Hatukuwa na lugha, Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tukaongea kwa vidole. Akanionyesha unavyokata kichwa kidogo tu, usikate sana litafumuka jani, unavyopasha mguu wa siga kwa moto bila kuugusisha moto wenyewe, unazungusha taratibu mpaka ukingo wote umekuwa mwekundu. Akanigusa kifuani akatikisa kichwa, hapana, huku hakuna kuingiza moshi, unakaa mdomoni unauonja unautoa. Siga ile ilichukua karibu saa nzima. Ndani ya saa hiyo sikushika simu, sikuwaza bili, nilikaa na mzee tukasikiliza majogoo. Wageni wa Tampa watashangaa, majogoo na kuku wanazurura huru mitaa hii ya Ybor na sheria ya mji inawalinda wasiguswe, kwa mtu wa Tanga hapo ndo unajisikia nyumbani kabisa.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye utengenezaji, maana ubishi wa sheria huwezi kuuelewa kama hujui kazi yenyewe.

Bibi yangu alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu. Alikuwa analowesha ukindu, anaupitisha kidoleni anakwambia huu bado, huu tayari, huu umekauka utakatika. Siku ya kwanza nimeingia kwenye chumba cha wasokotaji nikamwona mama mmoja analoweka jani, analivuta juu ya kidole gumba, analitazama kwenye mwanga, nilimwona bibi. Ni kazi ileile ya jani na kidole. Mmea wa tumbaku wenyewe una ngazi. Majani ya chini Wakuba wanayaita volado, hayo yanasaidia kuwaka. Ya katikati ni seco, harufu iko hapo. Ya juu kabisa yaliyopigwa jua ni ligero, mazito, yana mafuta na nguvu, yanawaka polepole, kwa hiyo msokotaji anayaweka katikati ya siga ili moto usikimbilie upande mmoja. Akikosea hapo siga yako itawaka upande huu na upande ule umezima, na utamlaumu bure muuzaji.

Yakishakauka bandani hayaendi moja kwa moja mezani. Yanalundikwa, lundo moja refu kuliko mtu, linaitwa pilón, afu yanapata joto yenyewe kutoka ndani. Kuna mtu kazi yake ni kulisikiliza lundo, joto likifika mahali anasema pindua, ya ndani yanakuja nje ya nje yanaenda ndani, na amonia inatoka, ukiingia ghala lile macho yanawasha mpaka machozi. Hivyo hivyo miezi, na mengine miaka. Ndo yanakuja mezani, majani marefu ya ndani yanakunjwa kwa mkono mmoja, yanafungwa na jani la kufungia, yanaingia kwenye kibao cha kubana, mwisho jani la juu ambalo ndo sura ya siga, linakatwa kwa chaveta, kisu cha nusu duara kisicho na mpini, na linaviringishwa bila kuacha mkunjo. Jani la juu linaweza kutoka bonde la mto Connecticut ambako mashamba yanafunikwa na vitambaa vya kivuli, au Ecuador ambako mawingu yenyewe yanafanya kazi ya kitambaa. Na linaweza kutoka Kamerun au Jamhuri ya Afrika ya Kati, hili nataka mlisikie vizuri, kuna siga za bei kubwa duniani zimevikwa jani la Afrika, ukilipapasa lina vipele vidogo vidogo vya mafuta, na mtu wa New York analipia kwa heshima bila kujua kuna mkulima wa kwetu nyuma yake.

Mji huu tuliokaa umejengwa na mikono hiyo. Vicente Martínez Ybor alinunua ardhi hapa 1885, ilikuwa vichaka na mchanga, akaleta kiwanda cha siga, na Wakuba, Wahispania na Waitaliano wakamiminika. Mbele kidogo, 1929, Tampa ilikuwa inatoa siga zaidi ya milioni 500 kwa mwaka. Na mle viwandani kulikuwa na kitu ambacho mimi kila nikikisimulia nasisimka. Wasokotaji walikuwa wanachanga pesa zao wenyewe kumlipa mtu akae kwenye jukwaa katikati ya ukumbi awasomee kwa sauti. Asubuhi magazeti, mchana hadithi ndefu, sura leo sura kesho. Huyo anaitwa lector. Mtu hajui kusoma hata herufi lakini anajua siasa za Hispania na habari za dunia nzima kwa sababu masikio yalikuwa huru mikono ikifanya kazi. Wenye viwanda hawakupenda, walisema wasomaji wanawatia watu maneno ya migomo, na 1931 wakawaondoa, wakaweka redio. José Martí alipokuja hapa 1891 kutafuta watu wa kuikomboa Kuba alikuja kuongea na hawa hawa wasokotaji, na wao ndo waliochanga.

Na Martí alikuwa anafikia nyumba ya nani? Ya mama mweusi, Paulina Pedroso. Mkitoka hapa mtembee kidogo, ile bustani ya Martí iko pale ilipokuwa nyumba yake. Wakuba weusi na weupe walikuwa wanakaa meza moja kiwandani, ila sheria za ubaguzi za Florida zikawagawa hata kwenye vyama, ndo weusi wakaanzisha chama chao, 1904 kikawa La Unión Martí-Maceo. Mnajua kilikuwa kinafanya nini? Unalipa mchango wako, ukiumwa unapata daktari, ukifa unazikwa kwa heshima. Yani chama cha kufa na kuzikana, kama vya kwetu, kama hiki tulicho nacho sisi hapa Florida. Kwa hiyo mtu akiniambia siga ni starehe ya matajiri wenye mashati meupe namwambia hajui ilikotoka.

Haya, serikali.

Serikali na siga wana historia ndefu na yote siwezi kuimaliza leo. Mnajua Kennedy alipiga marufuku bidhaa za Kuba Februari 1962. Msemaji wake Pierre Salinger alisimulia mwenyewe baadaye kwamba usiku wa kabla ya kusaini, rais alimtuma akatafute siga ndogo za Kuba za H. Upmann 1,000, akarudi asubuhi na 1,200, rais akafurahi, akafungua droo akatoa ile amri akasaini. Watu wakiisikia wanacheka, mi sijawahi kuicheka. Naona kuna mtu alipata akiba yake na kuna msokotaji wa Tampa ambaye jani la Kuba alilolizoea maisha yake yote lilikatika, na viwanda vingi vya hapa havikusimama tena.

Hii ya siku zetu ilianza 22 Juni 2009, Rais Obama alisaini sheria ya kuipa FDA, mamlaka ya chakula na dawa, nguvu juu ya tumbaku. Sheria ilitaja sigara, tumbaku ya kujisokotea na ile isiyo ya moshi. Siga haikutajwa, ila mlango uliachwa wazi, FDA ikitaka kuongeza tumbaku nyingine iongeze. Na ikaongeza. 10 Mei 2016 wakatoa kanuni, ikaanza kazi 8 Agosti mwaka huohuo, na siga zote zikaingia, ile tamu ya cheri inayouzwa petroli stesheni kwa dola moja, na hii ya mama aliyeloweka jani Estelí kule Nicaragua.

Sikilizeni jinsi kanuni ilivyokuwa inafanya kazi maana uchungu uko kwenye vipengele. Waliweka tarehe, 15 Februari 2007. Siga iliyokuwa sokoni Marekani siku ile iko salama. Iliyokuja baada ya hapo, hata kwa wiki moja, inatakiwa iombe ruhusa, uthibitishe kwa makaratasi na vipimo kwamba inalingana na ya zamani, la sivyo itoke sokoni. Sasa siga siyo soda. Mtu anayechanganya majani anachanganya mchanganyiko mmoja afu anautoa kwa saizi tano, sita, fupi nene, ndefu nyembamba, yenye ncha. Kwa kanuni ile saizi sita ni bidhaa sita, mafaili sita. Ni kama mama ntilie apike sufuria moja ya pilau, afu aambiwe sahani kubwa ina kibali chake, sahani ndogo ina chake, na ya kufungiwa kwenye foili ina chake, na kila kibali kinataka maabara na mwanasheria. Kampuni kubwa ya sigara inatoa aina chache, kila aina mamilioni kwa mamilioni, gharama ya faili moja inapotelea humo. Mwenye meza nne za wasokotaji anatoa aina nyingi kidogo kidogo. Kwa hiyo kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mkubwa inamwua mdogo, na mkubwa anabaki na soko. Hiki ndo kitu ambacho nimekuja kukisema leo, hata mkisahau mengine yote.

Chukueni mfano wa José Orlando Padrón. Mkuba wa Pinar del Río, amefika Miami hana kitu, amefanya kazi za useremala kwa nyundo aliyopewa, amejinyima mpaka akapata dola 600, na 1964 akafungua kiwanda chake kidogo cha siga. Dola mia sita. Leo familia yake inatengeneza Nicaragua moja ya siga zinazoheshimiwa kuliko zote duniani. Sasa nambieni, kwa kanuni ya 2016, huyo mzee na dola zake 600 angeanzia wapi? Angelipa ukurasa wa kwanza wa mwanasheria zikawa zimeisha. Na humu ndani kuna vijana wenye mikono kama yake, wamekuja juzi, hawana mtaji, wana ufundi.

Na mengine madogo madogo yaliniuma kama mtu wa pwani. Kuanzia ile Agosti 2016 ikawa marufuku muuzaji kutoa siga ya bure ya kuonja. Mimi nimelelewa mgeni akija unampa kitu mkononi kabla hujamuuliza shida yake. Yule mzee wa Kikuba jirani yangu aliwahi kuwa na meza yake ndani ya duka, anasokotea pale pale wateja wanamwangalia, na kwa macho ya kanuni ile meza ya namna hiyo ilikuwa kiwanda, isajiliwe kama kiwanda kinachotoa mamilioni. Afu lebo za onyo, zilitakiwa zifunike asilimia 30 ya uso wa boksi. Boksi la siga ni mti wa mwerezi na picha zilizochorwa kwa ustadi, watu wanarithishana yale maboksi, mama yangu anatunzia nyuzi za cherehani kwenye moja nililompelekea. Na juu ya hayo kuna mchango ambao FDA inakusanya kutoka kwa kampuni za tumbaku, dola milioni 712 kila mwaka kwa sheria, na siga nazo zikaingizwa kwenye kuchangia.

Sasa watu hawakukaa kimya, nawaheshimu kwa hilo. Julai 2016 vyama vitatu, cha watengenezaji, cha wenye maduka na cha wavutaji wenyewe ambacho ni Cigar Rights of America, wakaenda mahakamani Washington. Kesi ikaangukia kwa Jaji Amit Mehta. Lebo ziliondolewa na mahakama ya rufaa Julai 2020. Mwezi uliofuata Jaji Mehta akasimamisha ile habari ya kuomba ruhusa kwa siga hizi za mkono. Julai 2022 akasema FDA haikufanya kazi yake sawasawa, ilidai hakuna takwimu za jinsi watu wanavyovuta siga hizi wakati takwimu zilikuwa zimewekwa mezani kwao na hawakuzijibu, na Agosti 2023 akaifuta kanuni nzima kwa upande wa siga za mkono. Serikali ikakata rufaa. Mwezi wa kwanza 2025 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye kwamba kanuni ifutwe, ila ikarudisha swali moja, siga ya mkono ni ipi hasa kisheria?

Tafsiri ya Jaji Mehta ni hii, nimeikariri. Iwe imevikwa jani zima la tumbaku. Jani la kufungia liwe tumbaku tupu. Angalau nusu ya majani ya ndani yawe marefu. Imetengenezwa au kusokotwa kwa mkono. Isiwe na kichungi wala mdomo wa plastiki au mbao. Isiwe na ladha nyingine zaidi ya tumbaku. Ndani iwe tumbaku, maji na gundi ya mimea tu. Na siga 1,000 zizidi ratili 6, yani kama kilo 2.7 na ushee. Mi naiona tafsiri nzuri, mtu yeyote aliyewahi kushika siga anaijua bila kusomewa. Ila inaniuma kitu kimoja. Pale mtaa wa pili kuna J.C. Newman, kampuni iliyoanzishwa 1895 na mhamiaji kutoka Hungaria, jengo lao lenye mnara wa saa wanaliita El Reloj, la 1910, ndo kiwanda kikubwa cha mwisho cha siga kilichobaki kinafanya kazi mji huu. Nao wanatumia pia mashine za zamani za miaka ya 1930, zile za kukalia na kulisha jani kwa mkono, wanatoa siga za bei nafuu ambazo mzee wa pensheni anaweza kununua. Siga hizo kwa tafsiri ile hazimo. Nikisikia mtu anasema tumeshinda, mi nawafikiria wamama wanaokalia zile mashine.

Naombeni sasa mnisikilize na upande huu, maana kuna manesi humu na nimewaona mnavyonitazama. Sisemi siga ni salama. Taasisi ya taifa ya saratani hapa Marekani iliandika kitabu kizima 1998, siga inaleta saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, na mapafu pia, na kadri unavyovuta nyingi na kuingiza moshi ndani ndivyo hatari inavyopanda. Nakubali kila neno. Kaka yangu mmoja nyumbani ameugua mapafu kwa sigara za pakiti, pakiti na nusu kwa siku, najua kikohozi kile cha alfajiri kinavyosikika. Ndo maana simwambii mtu yeyote aanze. Na mtoto asiguse kabisa, sheria ya miaka 21 iliyosainiwa Desemba 2019 mi naiunga mkono kwa mikono miwili, muuzaji anayemuuzia kijana mdogo afungiwe duka. Ila ripoti ya National Academies ya Machi 2022, wanasayansi walioombwa na serikali yenyewe, ilikuta watu wazima wanaovuta siga hizi ni kama asilimia 1 hivi, vijana ni pungufu ya hapo, na wengi hawavuti kila siku. Ni mtu mzima wa miaka hamsini, anavuta siku ya harusi ya binti yake, au Ijumaa amemaliza wiki. Anajua hatari yake kama anavyoijua ya nyama choma na ya bodaboda. Mwambieni ukweli, mwandikieni, afu mwacheni aamue, ni mtu mzima.

Na kodi tunalipa, asiwadanganye mtu. Ya serikali kuu ni asilimia 52.75 ya bei ya kiwandani, ila ina kikomo, haizidi senti 40.26 kwa siga moja, tangu Aprili 2009. Kila mara kuna wanaotaka kikomo kitolewe. New York wanaongeza asilimia 75 ya bei ya jumla, ndo maana wenzetu wa Bronx wakija kututembelea wanaondoka na mabegi. Florida haina kodi ya jimbo kwenye siga, na 2022 ilipoziruhusu kaunti na miji kukataza uvutaji kwenye fukwe na bustani, siga isiyo na kichungi waliiacha huru. Hiyo ni kwa sababu Tampa na Miami zina watu waliosimama wakaeleza wao ni nani. Kusingekuwa na mtu wa kueleza, isingeachwa.

Kwingine hawakubahatika. Brookline, Massachusetts, 2020 walipitisha kwamba ukiwa umezaliwa 1 Januari 2000 au baada ya hapo huuziwi tumbaku maisha yako yote, na mahakama kuu ya jimbo 2024 ikasema sawa. Uingereza 2024 walipeleka bungeni mswada wa namna hiyohiyo, kwa waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009, siga ya mkono na sigara ya pakiti hakuna tofauti. Yani itafika siku mtu ana miaka 60, mjukuu anamsaidia kushuka ngazi, muuzaji anamwomba kitambulisho, amezaliwa siku moja baada ya tarehe, rudi nyumbani. New Zealand walipitisha hiyo 2022 na mapema 2024 wakaifuta wenyewe kabla haijaanza kuuma. Beverly Hills nao walipiga marufuku kuuza tumbaku mji mzima kuanzia 2021, ila wakaziacha zile baraza za siga zilizokuwepo. Hata wao waliona tofauti.

Ninachoomba kwenu ni kazi, siyo makofi. Wale wenye uraia, mbunge wako ana ofisi hapa hapa na ana namba ya simu, piga, sema jina lako, sema mtaa wako, sema unataka siga ya kusokotwa kwa mkono, na zile za mashine za kulishwa kwa mkono pia, zitolewe kwenye kanuni kwa sheria ya Bunge, maana miswada ya hivyo imekuwa ikipelekwa tangu 2011 na inalala. Hukumu ya jaji ni nzuri, ila FDA wanaweza kuandika kanuni mpya kesho na tukaanza upya. Usiwe na Kiingereza kizuri, ongea hivyohivyo, wasokotaji wa 1929 hawakuwa nacho. Wasio na uraia bado, nunueni kwa muuza duka anayekujua jina, na mkisikia kikao cha mji kinaongelea tumbaku nendeni mkakae, hata mkikaa tu.

Meza ile ya nyuma pale kwenye taa kuna yule mzee wangu, jirani, ana miaka themanini na kitu sasa, amekuja na kibao chake na chaveta aliyotoka nayo Kuba. Ameleta majani ya kutosha watu kumi. Hauzi, anafundisha tu kukunja. Anayetaka asogee sasa hivi kabla hajachoka, anawahi kulala, na mkimaliza mumsaidie kufagia vipande maana mgongo unamsumbua. Kahawa iko kwenye dele, kashata ziko chini ya ile kawa.